Faida soko likipanda, faida soko likishuka: je, hisa zinafanya kazi hivyo?

Wiki chache zilizopita tulipigiwa simu studioni na mama mmoja wa Olmotonyi, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi chao kilikuwa kimebakiza siku chache kuvunja mzunguko wa mwaka na kugawana fedha. Kijana mmoja waliyemfahamu kupitia kundi la WhatsApp alikuwa amewashauri wasigawane. Wamkabidhi fedha hizo, naye atawafanyia biashara ya hisa huku akiwafundisha, na kwa utaalamu wake soko likipanda wanapata, soko likishuka wanapata.

“Sasa wanangu,” mama alituuliza, “mimi nauza viazi Ngaramtoni. Bei ikishuka nimeumia. Hizo hisa zenyewe ni za aina gani, zisizojua hasara?”

Tulimjibu hewani kwa kifupi, kisha tukamwahidi maelezo marefu. Tumeyaandika hapa kwa sababu baada ya kipindi kile tulipokea ujumbe mwingi wa swali hilo hilo kutoka Ngaramtoni, Sakina, Usa River na mjini Arusha.

Hisa ya kikundi na hisa ya sokoni

Neno hisa si geni kwetu. Kwenye VICOBA kila mwanachama ananunua hisa kila wiki, bei ya hisa imepangwa na katiba ya kikundi, na mwisho wa mwaka anarudishiwa alichoweka pamoja na sehemu ya faida ya mikopo. Hakuna mtu wa barabarani anayekuja kununua hisa yako kwa bei ya leo.

Hisa ya sokoni inafanana na hiyo kwa jambo moja: ni kipande cha umiliki. Ukinunua hisa ya benki au kiwanda, umekuwa mmoja wa wenye mali. Kampuni ikipata faida na wanahisa wakaridhia igawanywe, unapata gawio. Tofauti ni kwamba bei ya hisa hiyo haipangwi na katiba. Inapangwa na wanaotaka kununua na wanaotaka kuuza, siku hadi siku, kama bei ya gunia la mahindi.

Hapa kwetu biashara hiyo inafanyika kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, lililoanza mauzo Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, ikafuatiwa mwaka huo huo na Kampuni ya Bia Tanzania, TBL. Msimamizi wa biashara hiyo ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Tunawataja hawa wawili mapema kwa sababu tutawahitaji mbele.

Bei inavyopanda na kushuka

Tuchukue hisa ambayo watu wa Arusha wanaijua, ya Benki ya CRDB. Mkutano mkuu wa wanahisa wa benki hiyo umekuwa ukifanyika hapa Arusha, kwenye ukumbi wa AICC, mwezi Mei, na wengi wetu tumeshawaona wazee wa Meru na Kilimanjaro wakishuka kwenye magari asubuhi kwenda kuusikiliza.

CRDB iliingia DSE mwaka 2009. Hisa iliuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki iliuza hisa mpya kwa wanahisa wake kwa shilingi 350. Kisha mambo yakabadilika. Mikopo isiyolipika iliongezeka, faida ya mwaka 2017 ikashuka sana, na gawio la mwaka huo likawa shilingi 5 kwa hisa. Kufikia 2019 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 150 ya mwanzo. Baadaye benki ikasimama tena, faida ikapanda, na mwishoni mwa 2024 bei ilikuwa imevuka shilingi 600.

Sasa fikiria majirani watatu wa Olmotonyi. Wa kwanza alinunua hisa 1,000 mwaka 2009 kwa shilingi 150,000 na hakuzigusa. Mwishoni mwa 2024 zilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 600,000, na katikati ya safari alikuwa akipokea gawio. Wa pili alinunua hisa 1,000 mwaka 2015 kwa shilingi 350,000, kisha mwaka 2019 mtoto akafaulu kwenda sekondari ya kulipia, akalazimika kuuza. Alipata chini ya shilingi 150,000. Wa tatu alinunua mwaka ule ule wa 2015 kwa bei ile ile, lakini ada ya mtoto ilikuwa imewekwa pembeni. Alisubiri, na miaka tisa baadaye alikuwa na faida.

Benki ni ile ile, na wa pili na wa tatu walinunua kwa bei ile ile. Hakuna kati yao aliyejua bei itaelekea wapi. Aliyeumia aliumia kwa sababu alihitaji fedha wakati bei iko chini. Tukumbuke jambo hili, maana majibu mengi yanayofuata yanarudi hapo.

Kupata faida bei ikishuka: kuna ukweli wowote?

Kijana wa WhatsApp hakubuni kila kitu. Duniani kuna njia ya kupata faida bei ikishuka, na inaitwa kuuza kwa kuazima. Tuieleze kwa mahindi.

Leo gunia ni shilingi 100,000. Unaamini bei itashuka. Unamwendea jirani unamwazima gunia moja, unaahidi kumrudishia gunia baada ya mwezi, kisha unaliuza kwa 100,000. Mwezi ukiisha bei imeshuka hadi 70,000. Unanunua gunia, unamrudishia jirani, na mfukoni umebakiwa na 30,000.

Lakini kama mvua imegoma na gunia limefika 150,000, jirani bado anataka gunia lake. Utaongeza 50,000 kutoka mfukoni. Likifika 300,000, utaongeza 200,000. Anayenunua kwa fedha zake hawezi kupoteza zaidi ya alichotoa, kwa sababu bei haishuki chini ya sifuri. Anayeuza alichoazima hana ukomo wa hasara, kwa sababu bei haina dari.

Hata wakubwa wameumizwa na mchezo huu. Januari 2021 kule Marekani, mifuko mikubwa ilikuwa imeuza kwa kuazima hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya kompyuta, ikiamini itaanguka. Wawekezaji wadogo wengi wakaanza kuzinunua kwa pamoja. Hisa iliyokuwa chini ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi ilifika zaidi ya dola 480 kwa muda mfupi tarehe 28. Mfuko mmoja, Melvin Capital, ulipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake ndani ya mwezi huo, na mwaka uliofuata ukafungwa. Hao walikuwa watu wenye wataalamu, kompyuta na mabilioni.

Kwetu, mwekezaji wa kawaida wa DSE anauza hisa zilizomo kwenye akaunti yake. Huwezi kukaa Olmotonyi ukauza hisa za CRDB au NMB usizokuwa nazo. Kwa hiyo mtu anayekuambia atapata faida kwa hisa za Dar es Salaam zikishuka, mwulize ni kwa njia gani hasa.

Mara nyingi utagundua kwamba anachoonyesha kwenye simu si hisa. Ni mikataba ya kubashiri bei ya sarafu, dhahabu au hisa za ng'ambo, tena kwa mtaji wa kukopeshwa na kampuni yenye programu hiyo. Unaweka shilingi 100,000, unaruhusiwa kubashiri kana kwamba una milioni 10. Bei ikienda upande wako kwa asilimia 1, umepata 100,000. Ikienda upande wa pili kwa asilimia hiyo hiyo, fedha zako zote zimekwisha. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya namna hiyo hupoteza fedha. Picha za faida mnazotumiwa kwenye makundi zinatoka kwa wale wachache waliobaki, au ni za siku moja nzuri, au ni za kutengeneza.

Ada zinavyokula mtaji

Wapo wanaotuambia, “Basi mimi nitakuwa nanunua asubuhi na kuuza bei ikipanda kidogo tu.” Tupige hesabu.

Kila unaponunua na kila unapouza, kuna ada ya dalali, ya soko, ya msimamizi na ya kutunza kumbukumbu. Mwombe dalali akuandikie jumla yake kabla hujaanza. Kwa mfano wetu tuseme ni asilimia 2 kila upande.

Unanunua hisa 1,000 kwa shilingi 500. Ni shilingi 500,000, na ada 10,000. Umetoa 510,000. Bei inapanda hadi 520, unauza kwa 520,000, unakatwa ada 10,400. Mkononi unapokea 509,600. Bei imepanda kwa asilimia 4, na wewe umepata hasara ya shilingi 400. Ukirudia mara kumi kwa mwaka, dalali ndiye atakayefurahi.

Kuna tatizo la pili. Soko letu ni dogo, na baadhi ya hisa hukaa muda mrefu bila mnunuzi. Hisa ya TBL, kiwanda ambacho kina tawi lake hapa Arusha, ilionekana ubaoni kwa bei ile ile ya shilingi 10,900 kwa miaka kadhaa. Bei isiyotikisika haimaanishi kwamba hali ni tulivu. Inaweza kumaanisha kwamba wanaonunua na kuuza ni wachache mno. Ukitaka fedha zako Jumatatu, huenda ukasubiri wiki, au ukubali bei ya chini. Mfugaji yeyote aliyewahi kurudi na mbuzi wake kutoka mnadani anaelewa hilo.

Basi mwekezaji mdogo afanye nini bei ikishuka?

Jambo la kwanza ni kuingia na fedha ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Ada ya shule, fedha ya mbegu na mbolea, fedha ya matibabu na fedha ya mkopo hazina nafasi sokoni. Mwaka 2008 majirani zetu wa Kenya walikimbilia hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 ya Kenya, wengine kwa mikopo ya benki. Waombaji walikuwa wengi kuliko hisa, hivyo wengi walipata sehemu ndogo ya walichoomba huku riba ikihesabiwa. Kufikia mwaka 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilivuka shilingi 40, lakini aliyelazimika kuuza ili alipe benki hakuiona siku hiyo. Na aliyenunua kwa 40 naye aliiona ikishuka chini ya 20 miaka miwili baadaye.

Jambo la pili ni kununua kidogo kidogo. Tuseme una shilingi 400,000 na unanunua kwa 100,000 mara nne katika mwaka, bei ikiwa 500, kisha 400, kisha 250, kisha inarudi 400. Utapata hisa 200, 250, 400 na 250, jumla 1,100. Kwa bei ya mwisho ya 400 zina thamani ya shilingi 440,000 kabla ya ada, ingawa bei bado haijarudi ilipoanzia. Aliyetoa zote siku ya kwanza kwa 500 ana hisa 800, zenye thamani ya 320,000. Hiyo ndiyo namna halali ambayo bei ikishuka inamsaidia mtu mdogo: anapata hisa nyingi zaidi kwa fedha ile ile.

Jambo la tatu ni kuangalia gawio, si bei peke yake. Kwa mwaka 2023 CRDB ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 50,000, akakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, akabaki na 47,500, na hisa zake bado anazo. Kampuni inayotoa gawio mwaka baada ya mwaka inampa mwanahisa kitu cha kushika mkononi hata bei inapolala. Lakini gawio si mshahara. Tumeona lilivyokuwa shilingi 5 mwaka 2017.

Jambo la nne, na hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya: kusubiri si dawa ya kila kitu. Kuna kampuni zinazoshuka na kupanda tena, na kuna zinazoshuka moja kwa moja. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoorodheshwa Nairobi mwaka 2001 na kununuliwa na wakulima wengi wa miwa, iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2019 na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Na hapa kwetu, Vodacom Tanzania iliuza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850, kisha bei ikashuka chini ya hapo na kukaa huko kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kuongeza hisa kwa sababu “zimekuwa rahisi”, soma taarifa za fedha. Kampuni zilizoorodheshwa zinalazimika kuzitoa hadharani. Angalia kama inapata faida, kama deni linakua, na kwa nini bei imeshuka. Ukishindwa kueleza sababu kwa maneno yako mwenyewe, ngoja kwanza.

Pia usiweke zote mahali pamoja. Anayelima viazi, maharage na mahindi kwenye ekari moja anajua kwa nini anafanya hivyo.

Ukitaka kuanza

Huhitaji kwenda Dar es Salaam. Unafungua akaunti ya hisa, ambayo madalali wanaiita akaunti ya CDS, kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA au kupitia huduma ya simu ya DSE inayoitwa Hisa Kiganjani. Andaa kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki yenye jina lako. Hisa zinaandikwa kwa jina lako, si kwa jina la dalali wala la mwalimu wako. Omba taarifa ya akaunti yako na uisome.

Na kabla ya kumpa mtu yeyote fedha, jiulize mambo haya:

Je, jina la kampuni yake lipo kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA? Uliza mamlaka yenyewe, usikubali picha ya leseni kwenye simu.

Je, fedha inaingia kwenye akaunti ya kampuni yenye leseni, au kwenye namba ya simu ya mtu?

Je, hisa zitasomeka kwa jina langu?

Je, ameniahidi kiwango cha faida? Hakuna dalali mkweli anayeweza kuahidi hilo.

Je, ninalipwa zaidi nikimleta mwingine? Hapo kuna dalili ya upatu. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, ambako watu “walipanda” fedha wakisubiri “kuvuna”, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Wengi waliopanda hawakuvuna.

Tulimpigia tena mama wa Olmotonyi kabla ya kuandika makala haya. Kikundi kilikutana, kikamwita kijana, kikamuuliza maswali mawili tu: leseni iko wapi, na hisa zitaandikwa kwa jina la nani. Alisema atarudi na majibu, na hadi tunaongea alikuwa hajarudi. Wakagawana fedha zao kama katiba inavyosema. Wengi wamenunua mbegu na kulipa ada. Wanachama wanne, waliobakiwa na kitu, wamekubaliana kufungua akaunti za hisa, kila mmoja kwa jina lake, na kununua kidogo kila baada ya mavuno.

“Nitakuwa naangalia bei kama ninavyoangalia ya viazi,” alituambia. “Ila viazi vinaoza wanangu, lazima niviuze. Hizi nimeambiwa haziozi, basi nitakaa nazo.”

Tulimkumbusha kidogo habari ya Mumias, naye akasema amesikia.

Kama nawe una swali kuhusu fedha unayotaka kuiweka mahali, tuandikie au utupigie wakati wa kipindi. Tunachoomba ni kimoja: uliza kabla hujatuma.